Packard: ungepewa penseli mwaka 1946, ungefuta mstari upi?

Kalamu_na_Bati

Wakuu, habari za wakati huu.

Nina swali nimelibeba tangu mwaka juzi na nyumbani limeshanikosesha wasikilizaji. Mke wangu amesema nikilitaja tena jina la Packard, ile kampuni ya zamani ya magari ya kifahari ya Detroit, mezani, nihamishie na godoro karakana.

Mimi ni fundi bodi, niko Ohio, riziki yangu ni nyundo na bati. Mwaka juzi tuliletewa Packard ya 1950, ile nene, mlango wa dereva umebonyea kama bakuli. Nikavua kitambaa cha ndani ili nipate njia ya kupitisha kile chuma cha kukingia nyundo. Mkono ukaingia. Ukaendelea kuingia. Vidole vilipokuja kugusa bati la nje, nilikuwa nimeshazama karibu na kiwiko. Nikasimama pale, mkono ndani ya mlango kama mtu anayemzalisha ng'ombe, nikijiuliza nafasi yote hii ni ya nini. Si ya kioo, kioo kinapita huku ndani. Si ya abiria. Ni hewa tu. Watu walilipa dola zao wakauziwa hewa iliyofungwa kwa bati.

Nikaanza kusoma, na ugonjwa wenyewe ukaanzia hapo.

Kumbe chini ya lile koti kuna Clipper ya 1941. Kwa wasioijua: Clipper ilitoka Aprili 1941. Mistari yake ya kwanza ilichorwa na Howard Darrin, yule waliyemwita "Dutch", kisha Werner Gubitz na wenzake wa kiwandani wakaimalizia, na Darrin akabaki analalamika kwamba wamemharibia. Mimi naona hata baada ya kuharibiwa bado ni gari zuri kuliko yote yaliyotoka Detroit mwaka ule. Lilikuwa na upana kuzidi kimo chake, jambo ambalo watu walikuwa hawajalizoea. Madigadi ya mbele yanaanzia kwenye taa, yanateremka pole pole na kufia mlangoni. Stepu za kukanyagia zimefichwa nyuma ya milango iliyotanuka kidogo kwa chini, kama kanzu iliyopigwa pasi.

Halafu vita. Februari 1942 utengenezaji wa magari ya raia ukasimamishwa Marekani nzima, Packard ikahamia kwenye injini za ndege za Merlin kwa leseni ya Rolls-Royce na injini za boti za vita. Kwa hiyo ile sura ilikuwa imekaa madukani miezi kumi hivi tu. Vita vilipoisha, ilikuwa bado mpya! Ford na Chevrolet walirudi na sura za kabla ya vita, wakazivuta mpaka 1948, na hakuna aliyewacheka, kwa sababu Mmarekani wa 1946 alikuwa ananunua chochote chenye matairi manne.

Packard wao wakaona haitoshi. Wakaichukua Clipper, wakaacha paa na mifupa ya ndani karibu ilivyo, wakajaza mbavu kwa bati hadi madigadi na milango vikawa ukuta mmoja. Hiyo ndiyo toleo la 1948. Uzito ukaongezeka kama kilo 90, na chuma chenyewe wakati ule kilikuwa cha kugombaniwa. Ile grili, au shoo kama tunavyoiita mafundi, iliyokuwa imesimama wima na mabega yake yenye umbo la nira ya ng'ombe, ikakandamizwa ikawa fupi na pana kama mdomo wa kambare. Watu wakalibandika gari jina: tembo mjamzito. (Nisiwe mchoyo: taasisi moja ya mitindo ya New York ililitunuku nishani. Na liliuzwa vizuri 1948 na 1949. Ila nani hakuuza miaka ile?)

Basi mchezo wangu ni huu. Umeingia chumba cha wachoraji pale East Grand Boulevard, Detroit, mwaka 1946. Umepewa penseli na kifutio. Hupewi senti zaidi ya walizokuwa nazo. Bodi mpya kabisa huipati kabla ya 1951, kama ilivyokuwa kwao. Unafuta nini, unaacha nini, mpaka kampuni inazimika?

Mimi naanza. Nafuta mbavu zote za 1948. Clipper inabaki Clipper mpaka 1950. Pesa ya kalibu za ile milango minene naitumia kuunda Clipper ya kukunja paa, maana amini usiamini, 1946 na 1947 hawakuwa nayo hata moja! Kampuni ya kifahari, vijana wanarudi vitani na akiba mfukoni, na huna gari la wazi la kumuuzia mtu. Na kwenye mlango wa hilo gari la wazi narudisha lile bonde la Darrin, pale kiuno cha gari kinaposhuka kidogo kando ya kiwiko cha dereva, kama alivyofanya kwenye zile Packard zake za miaka ya mwisho ya 1930.

Kiuno, kwa wasio mafundi, ni ule mstari unaopita chini ya vioo. Tutautaja sana.

Karibuni.

---

Mnandi_wa_Boneti

Mkuu, umenigusa pabaya. Kwanza jina langu linatokana na yule ndege wa kwenye boneti ya Packard, na kabla hujauliza kama ni mnandi au mwari, jua kwamba kampuni yenyewe iliwahi kumwita majina yote mawili. Kampuni isiyojua ndege wake ni ndege gani ndiyo ile ile isiyojua inamuuzia nani. Lakini tuache.

Nakubali mbavu za 1948 zifutwe. Ila kosa lililoniuma mimi ni la 1951. Pale walipata bodi mpya kweli, mikononi mwa John Reinhart, mtu mwenye jicho. Itazame Patrician 400 ya 1951, ile Packard ya bei ya juu, kwa ubavuni: mistari imenyooka, boneti imeshuka mpaka karibu sawa na madigadi, hakuna kelele. Halafu tazama vioo. Vimekaa kama madirisha ya stoo! Kiuno kiko juu mno. Reinhart mwenyewe hakukipenda, na jina la utani lililoigandama sura ile ni "mifuko ya juu", kama suruali iliyovutwa mpaka kifuani.

Mimi nafuta hapo tu. Kiuno kishuke inchi mbili, basi. Mengine yote yabaki.

Na usiseme ni ndoto, kwa sababu tunajua Reinhart angefanya nini akiachiwa. Aliondoka Packard, akaenda Ford, na ndiye aliyesimamia sura ya Continental Mark II ya 1956. Gari la dola 10,000 hivi, karibu halina pambo, boneti ndefu, paa fupi, kiuno mahali pake. Kila nikiliona nasema, hii hapa ni Packard iliyozaliwa nyumba ya jirani.

---

Hesabu_Kwanza

Ndugu zangu, nawapenda ila mnampaka poda mgonjwa wa figo.

Cadillac na Oldsmobile walitoa injini za V8 zenye valvu juu mwaka 1949. Chrysler 1951. Packard alikaa na silinda nane za mstari mmoja, valvu pembeni, mpaka mwisho wa 1954. Injini tamu, kimya, ile ya juu yake ina beringi tisa kwenye shafti, sibishi. Lakini mteja anafungua boneti anaona injini ya baba yake. V8 yao ya inchi za ujazo 352 ilikuja 1955, jirani ameshakula na kunawa.

Halafu bodi. Tangu Clipper, kazi ya bodi walimkabidhi Briggs. Mwishoni mwa 1953 Chrysler akainunua Briggs. Yaani unaamka asubuhi, anayekushonea nguo ni mshindani wako! Wakakimbilia kiwanda kidogo cha Conner Avenue, wakabanana mle, na magari ya 1955 yakatoka na kasoro tele. Mwaka ule walikuwa na springi za ajabu, vyuma virefu vya kujisokota vinavyounganisha gurudumu la mbele na la nyuma, na mota ya umeme inayosawazisha gari ukijaza mizigo. Hakuna Mmarekani mwingine aliyekuwa na kitu kama hicho. Kwa hiyo uhandisi ulikuwepo, sura ya mchoraji wao Teague ilikuwa nzuri, na bado walizama. Oktoba 1954 walishajifunga kwa Studebaker, aliyekuwa anazama kwa kasi kuliko wao.

Niambieni inchi mbili za kiuno zingeokoa lipi hapo.

---

Kalamu_na_Bati

Hesabu, kaka, karibu sana. Kila kijiwe kinahitaji mtu kama wewe, ila kimoja tu kinatosha.

Sikusema penseli ingeiokoa Packard. Nimeuliza tungefuta nini. Lakini umenichokoza, ngoja nijibu.

Cadillac ya 1948. Unaijua ile yenye mapezi madogo nyuma, yaliyotokana na ndege ya Lockheed P-38 ambayo Harley Earl, mkuu wa wachoraji wa General Motors wenye Cadillac, na watu wake waliiona wakati wa vita. Ndani yake kulikuwa na injini gani? Ile ile V8 ya zamani ya valvu pembeni! Injini mpya ilikuja mwaka uliofuata. Maana yake mwaka mzima Cadillac aliuza sura. Na yale mapezi hakuyaacha. 1949 yapo, 1950 yapo, 1953 yapo, 1956 yapo na yamenenepa. Mtoto wa miaka sita alikuwa anaijua Cadillac kwa nyuma, usiku, kwa taa tu.

Sasa simama nyuma ya Packard. Ya 1947 ina mgongo mmoja. Ya 1948 mwingine. Ya 1951 mwingine kabisa. Ya 1955 mwingine. Ningekuwa mteja aliyenunua 1947, nikarudi dukani 1951, ningeona gari la ukoo usionihusu. Hiyo ndiyo hasira yangu na zile mbavu. Ubaya wake siulalamikii sana. Bati baya hata mimi nimeshalitengeneza, na nikalipwa. Kinachoniudhi ni kwamba walikuwa na mstari mmoja ambao hakuna mwingine aliyekuwa nao, lile digadi linalofia mlangoni, wakaufunika kwa bati kwa hiari yao. Na 1951 walipopata nafasi ya kuurudisha, hata kama mkunjo tu kwenye ngozi ya mlango, mkunjo ambao kwenye kalibu mpya hauongezi gharama ya kutajika, hawakuukumbuka.

Mwaka 1950 Cadillac alivuka magari 100,000 na kumwacha Packard nyuma, na hakumwona tena kwenye kioo.

Mnandi, hiyo ya inchi mbili naipenda. Ngoja niijaribu kwenye karatasi, nitarudi. Nina wasiwasi nayo kidogo, wasiwasi wa kifundi.

---

Bi_Kromu

Salamu kaka zangu. Mnazungumza viuno na migongo, mimi nataka kuzungumzia uso.

Kazi yangu ni kubuni vifungashio, sabuni, dawa ya meno, vitu vya namna hiyo. Kitu cha kwanza tunachofundishwa: bidhaa ya bei ya juu na ya bei ya chini zikikaa rafu moja na sura moja, ya chini haipandi, ya juu inashuka. Packard alifanya kosa hilo tangu One-Twenty ya 1935, Packard yao ya bei nafuu. Ile gari iliwaokoa kwenye mdororo, sawa, lakini baada ya vita hawakuwa na sababu ya kuendelea. Mwaka 1951 Packard 200 iliuzwa kwa dola 2,300 na kitu, Patrician zaidi ya 3,600. Weka picha mbili za uso kwa uso mezani, mpe mtu asiye mpenzi wa magari akutofautishie. Atahesabu mapambo. Ekseli za Patrician zimeachana inchi 127, za 200 ni 122, lakini nani anatembea na futi?

James Nance alipoingia urais Mei 1952, akitokea kwenye majiko ya umeme, aliliona hilo haraka. Mtu wa majiko anajua rafu! Akataka Clipper liwe jina lake lenyewe, na akalitenga rasmi 1956. Mwaka ule ule kiwanda cha Detroit kikafungwa. Talaka imetoka siku ya mazishi.

Mimi penseli yangu naitumia 1951. Bodi moja, nakubali, pesa hakuna. Lakini nyuso mbili. Patrician na ya kukunja paa zinapata nira iliyosimama wima, nyembamba, ile ya kabla ya vita, na pembesita nyekundu katikati ya rimu. Clipper inapata shoo pana ya kulala, bila nira, bila ndege, bila pembesita, wala neno Packard lisionekane popote. Shoo ni kipande cha kufunga kwa bolti. Kaka Kalamu atuambie, kubadilisha uso wa mbele na kubadilisha milango, kipi rahisi?

Na taa za nyuma. Tunajua Richard Teague aliweza, kwa sababu 1955 alilichukua lile bodi la 1951, lenye miaka minne, akalivisha kioo cha mbele cha kujikunja na zile taa za nyuma ndefu zilizosimama kama madirisha ya kanisa. Watu wengi hawakujua kwamba mifupa ni ile ile. 1956 Clipper akaipa taa nyingine kabisa, iliyochongoka kwa nyuma, na vijana wa kukarabati magari kwa mitindo yao wakaing'ang'ania miaka na miaka. Taa tu, jamani. Kipande kidogo cha plastiki nyekundu na kromu. Hiyo ingewezekana 1951.

---

Zamu_ya_Usiku

Dada Kromu umenena, lakini shoo ya wima inanitisha. Edsel ya 1958 ilikuwa na nini usoni? Wima. Tunajua ilivyoishia: Novemba 1959 Ford wakaizika. Na Nance huyo huyo, baada ya kuondoka Packard 1956, alikwenda kuwa bosi huko huko kwenye kitengo cha Mercury, Edsel na Lincoln. Nyota yake na shoo za wima haikupatana.

Hata hivyo nimesimama mbele ya Predictor, kule kwenye jumba la makumbusho la Studebaker, South Bend, Indiana. Hilo ndilo gari la maonyesho la 1956, lililoundwa na mafundi bodi wa Ghia kule Turin, Italia, la kuonyesha Packard za mbele zingekuwaje. Picha hazilitendei haki. Shoo yake ya katikati ni nyembamba, imesimama, na pembeni bampa linapita chini kama mikono imenyooshwa. Taa za mbele zimefichwa, hakuna macho. Ukifungua mlango kipande cha paa kinarudi nyuma chenyewe ili usiinamishe kichwa, na siti inageuka kukukaribisha. Kioo cha nyuma kimeinama kinyume, juu kimetokeza kuliko chini. Nilizunguka mara tatu. Mlinzi akanifuata mara ya tatu.

Sura ya pale mbele ingeenda kwenye Packard za 1957 kama mkopo ungepatikana. Mapema 1956 wakopeshaji walikataa, Juni 25 Conner Avenue ikatoa gari la mwisho, na jina likahamishiwa South Bend kuvalishwa Studebaker.

Kwa hiyo mimi kifutio changu nakipeleka mwisho kabisa: 1958. Packard Hawk. Pua ya fiba iliyopachikwa, mdomo wa samaki aliyevuliwa, na juu ya milango, kwa nje, vipande vya kuegemea vya ngozi bandia. Kwa nje! Mvua inyeshe, jua liwake. Ziliundwa 588. Na zile nyingine za mwaka ule, taa nne zimebanwa kwenye vifuko vya fiba juu ya madigadi, pezi limebandikwa juu ya pezi. Hizo ningezifuta zote na kulizima jina 1956, likiwa na heshima zake.

---

Bi_Kromu

Zamu, Edsel haikukosea kwa kuwa wima. Mwaka 1955 Rolls-Royce ametoa Silver Cloud ina shoo wima kama mlango wa hekalu. Mercedes hakuilaza yake. Tofauti ni kwamba hao hawakuiacha hata siku moja, kwa hiyo mteja haulizi hiki ni nini. Edsel ilikuja nayo jana asubuhi.

Na usisahau Request ya 1955. Packard walikuwa wanapokea barua za wateja wakidai shoo ya zamani, mpaka wakaunda gari moja la maonyesho, Teague akairudisha nira katikati ya uso wa 1955, wakaliita kwa jina linalomaanisha ombi. Mteja amekuandikia barua, umelijenga analotaka, umelionyesha, halafu hulitoi dukani!

---

Hesabu_Kwanza

Hiyo ya Request sina jibu nayo. Nakubali, bao.

Caribbean je, mbona hamuitaji? 1953, ya kukunja paa, magari 750, dola 5,210. Eldorado ya Cadillac mwaka ule ule magari 532 kwa dola 7,750. Hapo Packard ilishinda kwa idadi na sura ilikuwa ile ile ya "mifuko ya juu" mnayoilaani, imepunguzwa kromu na kufunguliwa matao ya magurudumu. Naona inakuunga mkono wewe Kalamu kuliko mimi, ndiyo maana nimechelewa kuisema.

---

Kalamu_na_Bati

Hesabu, Mungu akuzidishie. Ndiyo hivyo hasa: kwenye gari la wazi hakuna fremu za vioo wala paa, kwa hiyo jicho halina cha kupimia kiuno. Ndiyo maana nililitaka lile gari 1946 na siyo 1953.

Dada Kromu, jibu la kifundi: uso ni rahisi mara nyingi sana. Shoo, bampa na kingo za taa unaweza kubadilisha bila kugusa bawaba hata moja. Mlango una ngozi ya nje, ngozi ya ndani, njia ya kioo, kitasa, mpira, na ukikosea milimita chache unavuja maji na kupiga kelele. Pesa ya zile mbavu za 1948 ingetosha nyuso kadhaa. Nimeichukua hoja yako, naiweka kwenye karatasi yangu.

Sasa Mnandi, ile inchi mbili yako. Nimeikalia usiku tatu.

Nilichukua picha ya ubavu ya Patrician ya 1951, nikaikuza mpaka ikajaa meza, nikaweka juu yake karatasi ya kunakilia, ile inayopitisha mwanga, nikachora kila kitu isipokuwa kiuno. Kisha nikakishusha kiuno kwa kipimo cha inchi mbili. Jamani, gari likapumua! Vioo vikafunguka, na bati la mlango, ambalo pale lilipo limesimama kama ubao wa shule, likapata uwiano.

Halafu fundi aliyemo ndani yangu akaamka. Kioo kinashukia wapi? Kinashukia ndani ya mlango, chini ya kiuno. Ukishusha kiuno inchi mbili, kioo kimerefuka inchi mbili, na shimo la kukimeza limepungua inchi mbili. Umepoteza nne. Kioo hakiishi kushuka; kinabaki kimechungulia nje kama ulimi. Wachoraji kiuno chao kiliwaudhi, lakini nahisi mhandisi wa mlango aliwaambia maneno haya haya.

Nikajaribu inchi moja, na paa nalo lishuke inchi moja. Kioo kinabaki na kimo kile kile, shimo limepungua moja tu, hiyo inavumilika ukikiinamisha kidogo kiendako. Abiria wa nyuma mwenye kofia atalalamika, na Packard walikuwa na wateja wengi wenye kofia, labda ndipo kesi yenyewe ilipokuwa. Lakini gari likawa la chini, refu, na jicho linakwenda mbele kwenye ile nira ya Dada Kromu badala ya kugota kwenye ubavu. Nikaongeza mkunjo wangu wa Clipper, unaoanzia kwenye taa na kufia mlangoni. Nikaupenda mpaka nikaona aibu.

Juzi nilikuwa nimezipanga tatu mezani. Ya kwanza ile ya inchi mbili isiyowezekana. Ya pili hii ya inchi moja. Ya tatu sikuichora mimi, ni picha tu ya Clipper ya 1941 niliyoweka pale ya kulinganishia, sijaigusa kwa penseli. Mke wangu akapita na kikombe chake. Nikanyamaza, nisivunje masharti. Akasimama, akazitazama zote, akaweka kidole kwenye ya tatu.

"Hii ndiyo umeipatia," akasema, akaenda zake.